Kambare Wenye Mwenyewe

Tangu nirudi, kila tukikaa kilabuni mbele ya ulanzi, mmoja wenu ananiuliza kile kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa, kilichoning'inia kwenye tundu la kifungo cha koti langu siku niliyoingia uwanjani kwa mama, kilikuwa cha nini. Wengine mmeshajijibu wenyewe. Gaspari alikuwa hospitali ya vichaa, akatoroka na namba yake. Gaspari alikuwa kuli bandarini. Nimechoka kueleza vipandevipande, maana kila nikifika katikati kuna mtu anaagiza kopo jingine na hadithi inaanza upya. Kwa hiyo nimeandika. Aliyesoma amsomee asiyesoma, wala asiongeze chumvi. Niliyotia mimi inatosha.

Mtera hadi Dodoma

Mnanijua. Nimekata katani Tanga, nimepasua mbao Mufindi, nimelinda ghala la pamba Shinyanga ambalo halikuwa na pamba. Mwisho nilikuwa Mtera, kwenye lile bwawa kubwa, nikitengeneza nyavu za wavuvi. Mtera si mbali na hapa. Basi la asubuhi lingenifikisha kwa mama kabla hajaivisha maharage. Sikulipanda. Badala yake nilimtumia mama salamu kwa kila dereva aliyekuwa anashuka Iringa, mpaka mmoja akanirudishia jibu: "Mama yako anasema salamu amezipata. Sasa ghala limejaa, hana pa kuziweka."

Nilicheka, lakini usiku huo ulanzi wa kule ulinikataa. Nikaamua kwamba kesho yake nitakwenda nyumbani. Na kweli kesho yake nilisimama barabarani na begi langu. Lakini jana yake nilikuwa nimesikia pia kwamba kuna dokta mmoja huko Singida, mbele ya Itigi, anatafuta mtu anayejua nyavu. Basi la kwenda Dodoma likatangulia kufika. Mimi sikuchagua, basi ndilo lililochagua.

Zilikuwa siku za ruksa. Baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, watu walikuwa wanabeba vitu ambavyo hata hawajui wataviweka wapi. Jirani yangu kitini alikuwa na kioo kikubwa cha kabati, kabati lenyewe hana. Gurudumu lilipopasuka akakishusha ili kisivunjike, akakiegemeza kwenye jiwe, na sisi abiria tukapanga foleni ya mwisho ya zama zile, kila mtu akitaka kujiangalia. Bibi mmoja alijitazama sana, akageuka kwa binti yake. "Mimi ndiye huyu? Kumbe mlikuwa mnanificha!"

Zamu yangu ilipofika nilimwona mtu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, mvi mbili tatu, na begi moja. Nikampisha aliyefuata.

Dodoma hadi Itigi

Garimoshi lilitakiwa kuondoka asubuhi. Liliondoka jioni ya asubuhi nyingine, na hakuna aliyeona ajabu. Daraja la tatu tulibanana na madebe ya mafuta ya alizeti, magunia ya mitumba na bwana mmoja aliyekuwa na sufuria la wali na kuku. Alinipenda mara moja, sijui kwa nini. Akaniambia, "Kaka, tukifika Saranda tutakula pamoja."

Saranda ndipo reli inapoanza kupanda ule ukuta wa milima. Injini ilijaribu, ikapumua, ikarudi nyuma. Ikajaribu tena. Mwishowe wakakata mabehewa katikati: nusu ipandishwe kwanza, nusu isubiri chini. Bwana wa wali alikuwa amekwenda kuongea na shemeji yake behewa la mbele. Nikamwona akipanda mlima polepole, kichwa nje ya dirisha, akinionyesha kwa mkono lile sufuria lililobaki miguuni mwangu.

Sasa niambieni, mngefanya nini? Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini. Wenzangu behewani walilitazama sufuria, kisha wakanitazama mimi. Nikasema, "La mtu." Wakaitikia, "La mtu," kama kanisani. Hatukuligusa. Tulipofika Manyoni mwenyewe alikuwa ananisubiri. Akafunua, akanusa, akatangaza kwamba limechacha. Akalimwaga mbele yetu wote. Wanawake wa Manyoni walikuwa wanapitisha madirishani mayai ya kuchemsha na kuku wa kukaanga, na sisi tulinunua kwa hasira.

Nimesimulia habari ya wali kwa sababu. Mtu huweza kuharibu kitu kwa kukitunza. Sikulijua hilo wakati ule. Nilijua njaa tu.

Itigi hadi Chilonje

Itigi nilishuka na asubuhi. Mji wa reli, asali kwenye madebe, na nyuma yake vile vichaka vilivyosukwa kama kikapu, ambamo hata mbuzi huingia kwa kufikiri. Nilipata lori la chumvi linaloelekea Rungwa. Tulikaa juu ya magunia. Mbung'o walitusindikiza, mbung'o hachagui kabila.

Utingo alisikia naenda kwa dokta, akanihurumia. "Unaumwa nini, mzee?"

"Siumwi. Nakwenda kufanya kazi. Ni dokta wa samaki."

Akafukuza mbung'o usoni. "Samaki wa huku wanaumwa nini?"

Walinishusha Chilonje mchana, kwenye njia panda yenye duka moja lililojaa betri na sabuni za kila rangi. Karibu na njia panda kulikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe, lililochimbwa zamani, na kando ya lambo mahema mawili. Nikamkuta Dokta Zainabu, mwanamke wa Pangani, umri wa mdogo wangu wa mwisho, amefunga kanga juu ya suruali na anapiga mswaki kwa Kiswahili chake cha pwani. Nasema hivyo kwa sababu hata akipiga mswaki aliongea. Nikajitaja jina.

"Karibu, Kaka Gaspari! Umekula? Hujala. Basi kula kwanza, maneno hayaozi."

Nikiwa nakula akanieleza kazi. Alikuwa amesoma nchi za baridi, kwenye mito ambayo maji yake huuma vidole. Huko alifuatilia samaki aitwaye samoni. Samoni huzaliwa kijito cha mlimani, huteremka mpaka baharini, huzurura huko mpaka akomae, kisha hurudi. Hupita mito mingine yote, akinusa maji, mpaka apate kijito kilekile alikozaliwa. Lakini siku hizi hata huko theluji inayeyuka kabla ya wakati, mito inapata joto, na samoni wanafika wamechelewa au hawafiki.

"Huko mito inapata joto, huku mito inakatika mapema," alisema. "Mvua imekuwa haina adabu. Samaki wa kule na wa huku wanauliza swali moja tu: tukimbilie wapi?"

Mto wa Chilonje ni wa mchanga. Mvua ikinyesha unakuja kama umefukuzwa, kisha unakauka. Kambare wake huenda wapi? Kulikuwa na mahali pawili tu panapobaki na maji. Pa kwanza ni lile lambo la juu, tulipopiga kambi. Pa pili ni tindiga, kule chini, mwendo wa nusu siku kwa miguu, penye matete na tope jeusi. Na hapa ndipo palipokuwa na jambo. Tajiri mmoja wa Manyoni alikuwa amenunua mashine ya kuvuta maji, alime vitunguu. Wakubwa wa wilaya walimkubalia, ila walitaka waambiwe kwanza mahali gani paachwe, yaani pale ambapo mto unaweka akiba yake. Pale pengine mashine itapanyonya. Dokta ndiye atakayesema. Akikosea, mto wote utakosa pa kuanzia upya.

Siku ileile nilipata na mtani. Alikuja kunywesha ng'ombe, maana wachungaji wa huko hupanda na kushuka na malisho: Ndahani, Mgogo, mkubwa kwangu kidogo, mrefu, masikio yametobolewa, shuka jekundu begani. Alinisikia nikiongea, akasimama.

"Wewe ni wa wapi?"

"Iringa."

"Mhehe!" Akawageukia ng'ombe wake. "Jamani, fungeni mbwa!"

"Usihangaike, Mgogo," nikamjibu, "nimeshashiba. Labda una mlenda wa kuteremshia?"

Tukashikana mikono mpaka ikauma. Tangu siku hiyo sikumbuki kama tuliwahi kuambiana neno la kweli, na hilo ndilo lililotuponza.

Mto unapokuja

Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote pamoja. Mto ulifika mchana, ukiwa na sauti kabla ya maji, ukisukuma povu, magogo na kandambili moja ya bluu. Tulitupa nyavu pale lambo linapomwaga mtoni. Kambare walikuwa wengi, wenye sharubu kama maaskari wa zamani. Dokta alimshika mmojammoja, akampitishia waya mwembamba karibu na pezi la mgongoni, na kwenye waya kipande cha plastiki cha rangi ya chungwa chenye namba. Kisha tukamwachia aende zake.

Ndahani na wachungaji wenzake walikaa ukingoni wakitazama. Wao ng'ombe wao huwakata masikio, kila ukoo na mkato wake.

"Dokta," Ndahani akauliza, "hii alama ni ya nani?"

"Ni yangu mimi. Mkimwona mwenye alama, popote pale, tafadhali msimle. Nileteeni habari."

Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima. Ndahani akasema, "Tumesikia. Mali ya mtu haipotei huku."

Jioni aliketi nasi, Dokta akamwelezea na yeye habari za samoni. Alisikiliza mdomo wazi.

"Anarudi palepale alipozaliwa?"

"Palepale."

"Na akishafika?"

"Anazaa, kisha anakufa."

Ndahani akanitazama kwa huruma kubwa. "Sasa nimeelewa kwa nini Mhehe harudi kwao."

Dokta alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi pia nilicheka. Lakini nilifikiria yule samaki, anapita midomo ya mito yote ya dunia, hakuna anayemlazimisha, na anaukataa kila mmoja mpaka afike kwake. Mimi mdomo wa mto wetu nilikuwa naupita kila mwaka, nikitoa salamu.

Mto haukukaa. Wazee walisema zamani ulifika mpaka mavuno. Mwaka ule mtama ulikuwa bado unachanua, tukaanza kutembea juu ya mchanga. Tukasubiri kiangazi kishike, lambo lipungue, tuone nani yumo.

Wakati huo wa kusubiri, Ndahani alipokutana nami alikuwa na malalamiko. "Mhehe, mifugo yako ina tabia mbaya. Inazurura kama mwenyewe."

"Ichape," nikamwambia.

"Nimewarudishia wengine juzi."

"Ahsante, Mgogo. Na mimi juzi nimekurudishia ng'ombe wako kutoka mwezini."

Mngenilaumu? Mtani akikwambia nyumba yako inaungua unamwuliza kama ameleta mahindi ya kuchoma.

Chilonje hadi tindiga, kwa miguu

Tulipovuta wavu kwenye lambo, Dokta aliruka kama mtoto. Chungwa! Chungwa lingine! Karibu kila mvuto ulileta kambare mwenye alama, wale wale tuliowaachia waende na mto. Walikuwa wamerudi.

"Wamerudi, Kaka Gaspari! Kama samoni! Wamekataa tindiga, wamepanda mchanga wote ule wakarudi hapa!"

"Wamepandaje mchanga mkavu, Dokta?"

"Kabla maji hayajakatika. Wamehisi. Ndiyo ajabu yake!" Akaketi, akatazama lambo kama mtu anayetazama mtoto aliyefaulu mtihani. "Basi lambo hili liachwe. Tajiri achukue tindiga. Nitawaambia hivyo wakubwa wiki hii."

Akaniagiza nishuke kwa Ndahani, ambaye boma lake lipo ukingoni mwa tindiga, nikanunue mbuzi wa kusherehekea. Nikaondoka asubuhi, nikifuata mchanga wa mto. Nilikuwa na furaha, ila ni furaha yenye kijiwe ndani. Hata kambare, nikajiambia. Hata kambare amerudi kwao.

Nilikuwa sijafika mbali nilipomwona mtu akija kutoka chini, ndoo kichwani, majani mabichi yakining'inia pande zote. Alikuwa Ndahani.

"Kamwene, mla mbwa!" akanisalimu kikwetu.

"Mbukwa, Mgogo," nikamjibu kikwao. "Umebeba nini?"

"Mifugo yako."

Nikacheka, nikafunua majani. Kambare alinitazama kwa macho yake madogo, sharubu zikicheza, mgongoni ana chungwa lake safi.

Nilisimama pale nikiwa na jani mkononi. "Ndahani. Huyu umemtoa wapi?"

"Kule kwangu, tindigani. Wamejaa. Kila nikinywesha namwona mmoja. Nimekwambia mara ngapi?"

"Wale wengine?"

"Nimewaleta. Si mimi tu. Wachungaji wote. Kambare ni mvumilivu. Ukimfunika majani mabichi anafika mzima. Tunamtia lambo alfajiri ng'ombe wakinywa, hatutaki kuwaamsha."

"Dokta alisema mumletee habari!"

Hapo Ndahani aliishusha ndoo, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Habari? Mhehe, ng'ombe wa mtu ukimkuta porini, hupeleki maneno. Unapeleka ng'ombe. Anayekuja na maneno, mikono mitupu, ni mvivu, au ameshamla. Watoto wangu wanalilia kitoweo, mke wangu Mama Chiku ananinunia, mimi nambeba huyu na sharubu zake nusu siku. Hata kibuyu cha togwa sijapewa. Sasa unanifokea?"

"Mrudishe ulikomtoa."

"Nimrudishe porini mnyama wa mtu? Umelewa asubuhi hii?"

Nikashika mkono wa ndoo, naye akashika. Tukavutana pale katikati ya mto usio na maji, watu wazima wawili, kambare akitumwagikia miguuni. Ndipo nikamweleza polepole, kwa mara ya kwanza bila utani. Kwamba Dokta anaamini samaki wamekuja wenyewe. Kwamba wiki hii atasema tindiga si kitu, lambo ndilo akiba ya mto. Kwamba mashine ya tajiri itafungwa mbele ya boma lake yeye Ndahani, ivute mpaka tope lipasuke.

Aliachia ndoo. Akakaa mchangani.

"Ng'ombe wangu watakunywa wapi?"

Nikaiegemeza ndoo isimwagike.

"Kwa hiyo mimi mwenyewe," akasema, "nimebeba maji yangu kichwani nikampelekea tajiri." Akainamisha kichwa. Kisha akanitazama kwa mashaka. "Haya si mambo ya watani?"

"Naapa kwa mama yangu."

"Usiape kwa mtu usiyemtembelea," akasema. Akainuka, akaitwika ndoo. "Twende kwa Dokta."

Lambo, asubuhi

Dokta alipotuona tumeongozana, na mbuzi hakuna, akaanza kutabasamu. Nikamwambia yote. Akaendelea kutabasamu. "Ninyi wawili, na utani wenu!" Ndahani akaishusha ndoo, akaondoa majani.

Dokta alimtazama yule kambare kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Kazi yake yote ya mwaka ilikuwa imebebwa kichwani na watu wema. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ewe Mola! Samoni wangu wana miguu! Wana na ndoo!"

Ndahani alikuwa bado amesimama kama mtu kwenye baraza la mashtaka. "Tusamehe, Dokta."

"Nikusamehe nini, kaka yangu? Hakuna aliyewahi kunitendea hivi duniani." Akaiachia ncha ya kanga. Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyesikia mtoto akiita mbali. "Hebu. Huyu, ulimkuta wapi hasa? Si 'tindigani' tu. Wapi?"

"Kwenye mti ulioanguka, upande wa jua linapozama."

"Na yule kabla yake?"

"Penye kisima cha fisi. Alikuwa amejichimbia, mgongo tu nje."

"Unawakumbuka wote?"

"Mnyama wa mtu uliyemwokota," Ndahani akasema, "utasahauje ulikomwokota? Mwenyewe akikuuliza?"

Asubuhi iliyofuata Dokta alikaa kwenye ukingo wa lambo na chupa kubwa ya chai. Kila mchungaji aliyeleta ng'ombe aliitwa, akapewa kikombe. Mwanzoni waliogopa, wakadhani kuna samaki amepungua. Walipoelewa, wakaanza kushindana. Huyu alimkuta wake chini ya matete. Yule alimkuta wake anavuka njia ya ng'ombe baada ya manyunyu, anatembea kwa tumbo kama nyoka asiye na haraka. Mwingine akakiri kwamba wake alikufa njiani na yeye alimzika, hakumla, na yuko tayari kuonyesha kaburi. Mahali palikuwa pengi, lakini pote palikuwa ndani ya tindiga. Hakuna hata mmoja aliyeokotwa upande wa lambo.

Tukashuka wote, tukalala kwa Ndahani siku kadhaa katika tembe lake, tukila ugali wa uwele na mlenda. Mama Chiku alimwambia Dokta, "Dada, sasa samaki wako wakinijia mlangoni, niwale?" Dokta akamwambia wasio na alama ale hata kesho. Akaruhusiwa, akatupikia, na nawaambia sijala kambare mtamu kama yule. Mchana tulitia nyavu kila tulipoonyeshwa. Walikuwepo. Wenye chungwa na wasio na chungwa, wamerundikana katika tope lile baridi, wakisubiri mvua yoyote itakayokumbuka adabu.

Wakubwa wa wilaya walipokuja, tajiri akiwa nyuma yao na miwani myeusi, mmoja aliuliza, "Kwa hiyo, Dokta, mashahidi wako ni kambare?"

"Ni kambare, na waliowabeba," akajibu, akawaonyesha wachungaji.

Ndahani akasimama, akaeleza yote, tangu alama mpaka ndoo. Walicheka, lakini alipofika penye kusema, "Sikujua kwamba nabeba maji yangu," kicheko kilikwisha. Tindiga likaachwa. Mashine ikafungwa lambo la juu, ambalo hupungua lenyewe kila kiangazi, na tajiri akalalamika mpaka tunaondoka kwamba vitunguu vyake vitanuka tope.

Chilonje hadi Itigi

Kazi ilikwisha. Dokta alikuwa anarudi Dar es Salaam. Nilipokuwa nafunga nyavu, Ndahani akaja akachuchumaa.

"Sasa unakwenda wapi, Mhehe?"

"Nafikiri Tabora. Nasikia Mpanda kuna kazi. Mama nitamtumia salamu kwa mtu anayekwenda—"

Nilisikia mwenyewe nilichokuwa nasema. Yeye pia. Hakucheka.

"Mnyama wa mtu," akasema, "hupeleki maneno."

Akaenda kwa Dokta, wakanong'ona. Walirudi wote wawili. Dokta alikuwa na kipande kimoja cha chungwa kilichobaki, akakifunga kwa waya kwenye tundu la kifungo cha koti langu, taratibu kabisa, ulimi nje kidogo, vilevile alivyokuwa akiwafunga kambare.

"Hakiumi, Kaka Gaspari. Ukikitoa kabla hujafika, utakuwa umeniharibia utafiti."

Ndahani alipanda nami lori la asali mpaka Itigi. Alisema ana shughuli za chumvi. Hakununua chumvi. Siku ile magarimoshi yote mawili yalikuwa yanategemewa, la kwenda Tabora na la kwenda Dodoma, na mimi nilijua kwamba likitangulia la Tabora, ndilo litakalochagua. Likatangulia. Lilisimama mbele yangu milango wazi. Ndahani alikuwa ameshika begi langu. Nililitazama begi, nikamtazama yeye. Akatazama juu, anahesabu mawingu. Gari la Tabora likaondoka.

La Dodoma lilipofika, alipita madirishani akichungulia nyuso kama anayechagua beberu. Akasimama kwa mama mmoja mnene mwenye matenga ya kuku wa Singida miguuni.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Dodoma, kisha Iringa. Kuna nini?"

"Huyu hapa ni mali ya watu wa Iringa. Nimemwokota mtoni anazurura. Alama yake hiyo, kifuani. Sikupi maneno, nakupa mwenyewe. Mfikishe uwanjani kwa mama yake."

Mama wa kuku alinikagua kuanzia viatu. Akagusa kile kipande cha chungwa kwa kidole. "Anauma?"

"Hapana. Anakula mbwa tu."

"Kaa hapa," akaniambia, akasogeza tenga, akanishika mkono wa koti.

Injini ikapiga honi. Ndahani alitembea sambamba na dirisha, kisha akakimbia kidogo, shuka jekundu likimpepea, akipaza sauti kwa behewa zima: "Jamani! Mkimwona mahali pengine, msimle! Mrudisheni!"

Watu walicheka behewa lote. Mama wa kuku hakucheka. Alikaza mkono.